Kumtua Mama Mzigo: Bujumbura, 2006

Vijana siku hizi tunasema "stresi". Mama zetu wanasema "mawazo". Ukisikia mtu wa Buyenzi au wa Uvira anasema fulani ana mawazo, hamaanishi kwamba fulani ni mtu wa kufikiri sana. Anamaanisha kuna kitu kinamla ndani. Na sidhani kuna mtu anayeambiwa "acha mawazo" mara nyingi kama mwanamke mwenye mimba. Mama mkwe anamwambia, muuguzi anamwambia, jirani anamwambia. Sisi tunaofanya kazi na mashirika tunamwambia pia, tena kwa karatasi yenye picha: pumua polepole, pumzika mchana, kula vizuri, ongea na mume wako.

Maneno hayo siyo mabaya. Shida ni kwamba mama anasikiliza, anaitikia, halafu anarudi nyumbani na mawazo yaleyale, kwa sababu mawazo yake yana mzizi. Mzizi unaweza kuwa deni. Unaweza kuwa giza, au umbali, au bunduki. Hapa nataka kueleza historia ya mwaka mmoja wa Bujumbura, mwaka 2006, ambapo mizizi yote minne iliguswa ndani ya miezi michache. Hakuna aliyeuita mpango wa afya ya akili. Hata hivyo, nadhani wote tunaokaa na akina mama wajawazito, kambini na mjini, tuna kitu cha kujifunza pale.

Usiku

Tuanze na usiku, maana uchungu hauangalii saa.

Burundi iliishi na marufuku ya kutembea usiku kuanzia mwaka 1972, mwaka wa mauaji makubwa ambayo Warundi wanayaita Ikiza, yaliyowasukuma watu wengi sana Tanzania, Kongo na Rwanda. Marais walipita, Micombero akatoka, Bagaza akaingia, Buyoya akaingia, lakini marufuku ilibaki. Msichana aliyezaliwa mwaka ilipoanza alikua, akaolewa, akazaa, na bado ilikuwepo.

Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa tarehe 21 Oktoba 1993, vita vilianza na mji ukagawanyika kwa kartie. Kartie nyingine zikawa za kabila moja tu. Kamenge na Kinama, upande wa kaskazini, zilishambuliwa na watu wake wakakimbia. Na Kamenge ndiko ilikojengwa hospitali ya chuo kikuu. Kwa hiyo swali la mwanamke mwenye mimba halikuwa tu "nitazaa salama?" Lilikuwa pia: uchungu ukinishika usiku, nani atanisindikiza? Tutapita wapi? Tutakutana na nani njiani?

Mtu hawezi kuambiwa apumue polepole ili asahau maswali kama hayo. Hayo ni maswali ya mtu mwenye akili timamu anayepanga safari.

Vilima na bunduki

Kwa wanaoishi kwenye vilima vinavyozunguka mji, katika mkoa uliokuwa unaitwa Bujumbura Vijijini, mambo yalikuwa magumu zaidi. Mwezi Septemba 1999 serikali iliwaondoa watu kwenye mashamba yao na kuwaweka kwenye kambi, ikisema inawalinda na waasi wa FNL. Zaidi ya watu 300,000 walihamishwa. Msomaji wa kambini asichanganye: sisi wengi tulikimbilia kambi, wao walipelekwa kwa amri. Kabezi, kusini mwa mji kando ya barabara ya kwenda Rumonge, ilikuwa moja ya sehemu hizo. Watu walijenga vibanda vya majani. Maji yalikuwa machache, vyoo vichache, na kwenda shambani ilihitaji ruhusa ya wanajeshi.

Nelson Mandela, aliyekuwa msuluhishi wa mazungumzo ya Arusha, alizipinga kambi hizo waziwazi, na mwaka 2000 zikaanza kufungwa. Mkataba wa Arusha ulisainiwa tarehe 28 Agosti mwaka huohuo. Lakini FNL hawakuwemo, na risasi ziliendelea. Mwezi Julai 2003 walishambulia kartie za kusini mwa Bujumbura na watu wengi wakalazimika kuhama nyumba zao. Wengine walikuwa na mimba. Mimba haisubiri vita viishe.

Deni

Mzigo wa tatu haukuwa na mlio, ndiyo maana watu wengi wameusahau.

Mwaka 2002 serikali ilianzisha utaratibu wa wagonjwa kulipa gharama za matibabu ili hospitali zijiendeshe. Nchi ilikuwa bado vitani, mashamba yameachwa, kazi hakuna. Mtu akipelekwa hospitali anatibiwa, akipona anapewa karatasi ya deni. Asipolipa, hatoki. Mlinzi wa getini anajua sura yake.

Siyo hadithi za mtaani hizi. Shirika la Human Rights Watch, pamoja na chama cha haki za binadamu cha Burundi, APRODH, walitoa ripoti Septemba 2006 kuhusu wagonjwa waliokuwa wanashikiliwa kwenye hospitali kwa sababu ya umaskini. Waliongea na watu waliokaa wiki, wengine miezi, baada ya matibabu kumalizika. Kulikuwa na walionyang'anywa kitanda wakampa anayelipa, wao wakalala chini. Chakula walitegemea wagonjwa wengine na wasamaria wema.

Na kati ya walioshikiliwa, wengi walikuwa akina mama waliozaa kwa kupasuliwa. Hapo ndipo deni linapoingia kwenye mimba. Kuzaa kwa kawaida gharama yake ilikuwa inaeleweka kidogo. Upasuaji ulikuwa mlima. Na hakuna mwanamke anayejua mapema kama atapasuliwa. Kwa hiyo miezi tisa yote anabeba vitu viwili: mtoto, na uwezekano wa kufungwa pamoja na mtoto. Kidonda cha upasuaji kinapona kwa wiki chache, lakini mama yupo ndani, watoto wakubwa wako nyumbani peke yao, mume anazunguka kuuza mbuzi au mabati ya nyumba.

Warundi wana desturi nzuri ya kumtembelea mzazi. Wanaita guhemba: unakwenda na chakula, na kinywaji, na zawadi, mnakaa na mama, mnamfurahia mtoto. Fikiria mama ambaye wageni wake wanaruhusiwa kuingia, lakini yeye haruhusiwi kuwasindikiza kutoka.

Mama akijua hayo, atafanya nini uchungu ukianza? Atabaki nyumbani. Atasubiri. Atakwenda hospitali pale tu mambo yameharibika, na pale ndipo upasuaji unahitajika zaidi, na deni linakuwa kubwa zaidi. Hofu ya deni ilikuwa inazaa deni lenyewe.

Mwaka 2006

Sasa tazama kilichotokea.

Katikati ya mwezi Aprili 2006, marufuku ya usiku iliondolewa. Miaka 34. Watu wa mjini wanaikumbuka kwa sababu ya baa na harusi zilizoweza kwenda mpaka asubuhi. Mimi nikiisoma habari ile nawaza juu ya mwanamke wa Musaga ambaye saa nane usiku aliweza kufungua mlango.

Wiki mbili baadaye, tarehe 1 Mei 2006, sikukuu ya wafanyakazi, Rais Pierre Nkurunziza alitangaza kwamba kuanzia siku hiyo akina mama wanaojifungua, pamoja na watoto wa chini ya miaka mitano, watatibiwa bure. Upasuaji wa uzazi ukiwemo ndani.

Mwaka huohuo, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilifungua kituo cha dharura za uzazi Kabezi, palepale palipokuwa na kambi ya lazima miaka saba kabla. Kituo kilifungwa pamoja na vituo vidogo vya vilimani kwa simu za redio na magari ya wagonjwa. Mkunga wa kilimani akiona mama anatoka damu nyingi au mtoto amekaa vibaya, anaita, gari linapanda. Huduma yote bure. Kufikia mwaka 2011, kutoka simu kupigwa mpaka mama kufika Kabezi ilikuwa kwa kawaida dakika 78. Mtu wa mjini ataona ni nyingi. Mtu aliyewahi kubebwa kwenye machela kushuka kilima ataelewa. Watafiti walikadiria kwamba kwa mwaka huo, vifo vya akina mama katika wilaya ya Kabezi vilikuwa 208 kwa kila vizazi hai 100,000, wakati kwa nchi nzima walihesabu 800.

Na tarehe 7 Septemba 2006, Dar es Salaam, serikali na FNL walisaini makubaliano ya kusimamisha vita. Yalivunjika, mabomu yakarudi Bujumbura Aprili 2008, na mwaka 2009 ndipo FNL waliweka silaha chini na kuwa chama cha siasa. Lakini mlango ulifunguliwa 2006.

Usiku, deni, barabara, bunduki. Minne kwa mwaka mmoja.

Siyo kwamba kila kitu kilikuwa sawa. Tangazo la Mei lilitolewa ghafla. Hospitali zilijaa, dawa ziliisha, wauguzi walichoka, na pesa za serikali zilichelewa kufika. Tena waliokuwa wagonjwa kwa sababu nyingine, siyo uzazi, waliendelea kudaiwa na kushikiliwa. Mwaka 2010 serikali iliunganisha huduma ya bure na utaratibu wa kulipa vituo kulingana na kazi waliyofanya, nchi nzima, ndipo mambo yakaanza kukaa vizuri.

Lakini miguu ya akina mama inasema kitu. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 ulikuta watoto 60 kati ya 100 wanazaliwa kwenye kituo cha afya. Ule wa 2016-2017 ulikuta 84. Mtu haendi mahali panapomtisha. Hofu ilipopungua, walikwenda.

Mzigo unaweza kurudi

Historia haipandi juu tu kama ngazi. Mwezi Aprili 2015 maandamano yalianza Bujumbura, Mei kukawa na jaribio la mapinduzi, na usiku wa Musaga, Nyakabiga, Cibitoke na Mutakura ukarudi kuwa wa kusikiliza risasi. Watu walishuka ziwani. Kijiji kidogo cha Kagunga, upande wa Tanzania, kilijaa makumi ya maelfu ya watu kwa siku chache, kati ya mlima na maji. Kipindupindu kikaingia. Meli ya zamani ya Liemba, iliyojengwa na Wajerumani kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ikawa inawabeba watu kwa zamu mpaka Kigoma, wengi wakapelekwa Nyarugusu. Akina mama wajawazito walikuwa pale ufukweni, na baadhi ya wasomaji wa makala hii ni watoto wa safari ile au mama zao. Sina haja ya kuwaeleza.

Mzigo mwingine unawahusu hasa wasichana ninaofanya nao kazi. Mwezi Juni 2018, wizara ya elimu ya Burundi iliamua kwamba msichana akipata mimba, yeye pamoja na mvulana aliyempa, hawaruhusiwi tena shule ya kawaida. Uamuzi ulilalamikiwa sana na baadaye ukafutwa. Tanzania pia, wasichana waliopata mimba walifukuzwa shule kwa miaka mingi, Rais Magufuli akasisitiza hivyo mwaka 2017, na Novemba 2021 ndipo serikali ilipotangaza wanaweza kurudi. Msichana wa miaka 17 aliyeficha mimba yake mpaka mwezi wa sita hafichi kwa ujinga. Anahesabu: kliniki wakijua, shule itajua, shule ikijua, nimekwisha. Kwa hiyo haendi kliniki. Sheria ya kurudi shule, kwake, ni dawa ya mawazo kuliko mafunzo yoyote ya semina.

Mwili unasemaje

Mtu anaweza kuuliza: kwani mawazo yanamdhuru mtoto kweli, au ni maneno ya wazee?

Mtu akiogopa, mwili unatoa homoni zinazofanya moyo upige haraka na damu ikimbie. Zimetengenezwa kwa ajili ya kukimbia hatari, dakika chache, basi. Hofu ikikaa miezi, mwili haupumzishwi. Mama halali vizuri, hali vizuri, presha inaweza kupanda, na uwezekano wa mtoto kuzaliwa kabla ya wakati au akiwa na uzito mdogo unaongezeka. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi zinazoendelea, karibu wanawake 16 kati ya 100 wanapata ugonjwa wa akili wakati wa mimba, na karibu 20 baada ya kujifungua, hasa huzuni kubwa isiyoisha. Siyo laana, siyo uvivu, siyo kukosa imani.

Na hapa niwe wa haki kwa wenzangu wa mashirika, kwa sababu maneno nayo yanatibu. Huko Pakistani, vijijini, wahudumu wa afya wa jamii, wanawake waliomaliza sekondari tu, siyo wanasaikolojia, walifundishwa namna ya kukaa na mama mwenye huzuni. Walimtembelea nyumbani kuanzia mwezi wa mwisho wa mimba mpaka mtoto anafikisha miezi kumi. Walimsikiliza, wakamsaidia kupanga hatua ndogo, wakaongea na familia yake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: miezi sita baada ya kujifungua, waliokuwa bado na huzuni kubwa walikuwa 23 kati ya 100. Kwa waliotembelewa bila mafunzo hayo, walikuwa 53. Shirika la Afya Duniani lilichukua njia hiyo na kuifanya kitabu cha mafunzo mwaka 2015.

Angalia walichofanya: walikwenda kwake, tena na tena. Hawakumpa karatasi. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana, na mimba pia ni kulea.

Kambini, leo

Kwa hiyo ninachopendekeza ni kidogo. Kabla ya kumwambia mama "acha mawazo", tumuulize mambo manne yaleyale ya 2006.

Usiku: uchungu ukikushika saa nane, nani atakwenda na wewe, na mnapita wapi? Kama getini kuna mlinzi, anajua kwamba mama mwenye uchungu hazuiwi? Namba ya gari la wagonjwa iko kwenye simu ya nani, na simu hiyo ina chaji?

Deni: kuna kitu unaogopa kudaiwa? Huduma ya uzazi inaweza kuwa bure, lakini mama hajaambiwa, au ameambiwa bure halafu akaombwa glavu na sabuni. Hofu ndogo ya faranga elfu chache inamzuia mtu kama ukuta. Pale ambapo akina mama wana kikundi cha kuchanga pesa kila wiki, zamu ya mwenye mimba iwekwe mwezi wake wa nane.

Umbali: maji unachota wapi, kuni unatoa wapi, foleni ya chakula unasimama saa ngapi? Hapo kijana wa miaka ishirini anaweza kufanya kazi kuliko mtaalamu. Kubeba dumu la lita 20 kwa ajili ya jirani mwenye mimba ni huduma ya afya.

Bunduki: nyumbani kuna amani? Kuna anayekupiga, au anayekutishia? Swali hilo linaulizwa faraghani, mume hayupo, mkalimani siyo shemeji yake. Na asiyejua la kufanya na jibu, amtafute kwanza anayejua, ndipo aulize.

Baada ya hapo, ndiyo, tumfundishe kupumua polepole. Mtu aliyetuliwa mzigo anaweza kupumua.

Kuna dalili ambazo hazisubiri maongezi. Kutoka damu, maji kuvuja kabla ya wakati, kichwa kuuma sana na macho kuona giza, uso na mikono kuvimba, homa kali, degedege, au mtoto kuacha kucheza: hapo ni kituo cha afya mara moja, usiku au mchana. Na mama anayesema afadhali afe, asiachwe peke yake hata saa moja, na mhudumu wa afya aitwe.

Mwaka 2006 hakuna aliyekwenda mlango kwa mlango Bujumbura akiwaambia akina mama watulie. Usiku ulifunguliwa, deni likafutwa, gari likapanda kilima, na risasi zikaanza kupungua. Waliotulia walitulia kwa sababu hizo. Sisi hatuna uwezo wa rais, wala wa shirika kubwa. Lakini dumu tunaliweza, na kusindikiza usiku tunaweza.